Majimoto wa Nyumba Mbili

Mkorosho wa Ashrafu ulikuwa haujazaa hata korosho moja, na lawama zote alibebeshwa mdudu. Mdudu mwenyewe mwembamba, ana miguu mirefu, watu humwita mbu wa mikorosho ingawa hana habari na damu ya mtu. Kazi yake ni kunyonya machipukizi. Akishanyonya, chipukizi linatoka madoa meusi, linanyauka, na ua lililokuwa lifuate halifuati tena. Mti wa watu ulikuwa umepita paa la nyumba, una kivuli cha kutosha na majani ya kijani hadi chini, ila huko juu ncha zote zilikuwa zimeungua. Ilikuwa hivyo mwaka hadi mwaka.

Mtu mwingine angesema mti ni mti, usipozaa si kuni? Ashrafu hakuweza kusema hivyo. Mbegu ya mkorosho ule aliileta marehemu baba yake, Mzee Mwinyijuma, kutoka Kisarawe ndani huko, upande wa Maneromango. Aliileta mfukoni mwa kanzu siku alipokuja Mkuza kukiona kiwanja cha mwanawe. Akaifukia kwa mkono wake nyuma ya jiko, akakanyaga udongo kwa kisigino, akasema, "Huu ukizaa, korosho za kwanza uwapelekee mama zako. Sawa kwa sawa. Asizidiwe mtu." Halafu akaishi miaka michache, akafa, na mti bado haujazaa. Wasia wa maiti ukikushika haukuachii. Ashrafu alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, fundi wa majokofu anayejulikana kuanzia Mkuza hadi Sofu, lakini kila alipoutazama ule mti alijiona mtoto aliyetumwa dukani akapotelea njiani. Ilimuuma.

Mama zake walikuwa wawili kwa sababu mzee alioa wawili. Bi Mwanaamina ndiye aliyemzaa Ashrafu. Bi Hajira alikuja baadaye, naye hakujaliwa mtoto. Nyumba zao zilitazamana, uwanja mmoja katikati, na Mzee Mwinyijuma aliutumia umri wake wote kugawa. Akinunua kitenge, ni pea mbili. Akileta samaki, kichwa huku na mkia kule, kesho kinyume chake. Alipofariki, wale wakewenza hawakugombana, maana kugombana nako ni kuzungumza. Waliacha tu kusemeshana. Kila mmoja alikaa barazani kwake, akaangalia uwanja uleule, akapika chungu chake.

Basi, huko Mkuza, mti ulikuwa na adui mwingine, naye alikuwa na haki zake. Zuhura, mke wa Ashrafu, alikuwa na pumu. Mwaka mmoja Ashrafu alimwita mtu mwenye bomba la mgongoni akaja kupuliza dawa, upepo ukageuka, dawa ikaingia jikoni, na Zuhura akalazwa. Tangu hapo neno dawa halikutajwa tena nyuma ya jiko. Mahali penyewe Zuhura alikuwa anapataka kwa ajili ya tangi la maji, maana maji ya bomba Mkuza yanakuja yanapojisikia.

"Mwaka huu ukizaa, sina neno," Zuhura alimwambia, masika yalipokwisha. "Usipozaa, naleta fundi ajenge msingi wa tangi papo hapo. Nimevumilia vya kutosha, baba Hussen."

Ashrafu akakubali. Angekataaje? Mwanamke alikuwa amevumilia kweli.

Hapo ndipo alipoanza kupika. Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka kwenye ndoo mpaka maji yakawa machungu hata kwa kuyanusa. Akapanda ngazi, akanyunyizia. Mbu wakanyonya. Jirani yake, Bi Justa, mjane wa Kilutheri aliyefuga kuku na kuimba kwaya, akamwongezea maarifa ya pilipili kichaa na kitunguu saumu, vichemshwe pamoja na kipande cha sabuni. Ashrafu akachemsha, akapanda, upepo ukamrudishia usoni, akashuka amefumba macho huku akipapasa ngazi kwa miguu. Mbu wakanyonya machipukizi yaliyoungwa viungo. Akarusha majivu, mvua za mwisho mwisho zikayaosha. Uani kulinuka kachumbari, Zuhura akawa anapika kwa jiko la mkaa huko mbele ya nyumba, na mdudu hakupungua.

"Nyie kwenu si watu wa korosho?" Bi Justa alimuuliza siku moja, akiwa upande wake wa uzio anawatupia kuku pumba. "Kwenu walikuwa wanatia nini?"

"Hatukuwa tunatia kitu."

"Na mbu?"

"Sikumbuki mbu. Taabu yetu ilikuwa kupanda tu. Ukipanda kidogo unashuka mbio kwa majimoto..."

Akaishia hapo. Majimoto ni wale chungu wa rangi ya hudhurungi wanaoshona majani ya mti mbichi yakawa viota, na mtu akigusa tawi lao wanamshukia kwa mamia. Utoto wote Ashrafu aliwachukia. Hata siku moja hakuwahi kujiuliza kwa nini mti wenye majimoto hauna mdudu mwingine. Kumbe jibu lilikuwa linamuuma shingoni miaka yote ile, naye kazi yake ilikuwa kulifuta kwa kiganja.

Siku ya pili akawasha pikipiki, akapita Kiluvya, akakata kwenda Kisarawe, akashika njia ya Maneromango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Bi Mwanaamina. "Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Idd nayo bado. Sasa umekuja kufanya nini?"

Ashrafu akacheka, ingawa hakuchekeshwa. Kusema kweli, mwaka uliopita wote alifika mara moja, siku ya Idd, akala, akaondoka kabla ya alasiri kwa sababu kuna jokofu la bucha lilikuwa linamngoja Kongowe. Akaeleza shida yake: mti, mbu, wasia, tangi. Bi Mwanaamina akasikiliza mpaka mwisho, akanyoosha kidole kwenye mkorosho uliosimama ubavuni mwa nyumba yake. "Wale pale. Chukua."

Pale uwanjani palikuwa na mikorosho miwili mikubwa, mmoja upande wa Bi Mwanaamina na mmoja upande wa Bi Hajira. Yote ilikuwa na majimoto na yote ilikuwa na afya. Matawi yake yalikuwa yamekaribiana juu ya uwanja, yakabakiza upenyo mdogo tu wa kuona mbingu. Kuchukua mti mmoja kungemtosha Ashrafu. Lakini alilelewa na Mzee Mwinyijuma, na katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupokea kitu kwa mama mmoja akampita mwingine bila kupokea kwake pia. Hiyo ilikuwa dharau, na dharau mzee aliikomesha kwa bakora. Akavuka uwanja.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nani kafa?"

Akaeleza tena yote. Bi Hajira akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. "Na kule umechukua?" akauliza.

"Nitachukua kote, sawa sawa. Kama alivyotaka mzee."

Bi Hajira akafumbua kinywa, akakifumba. "Haya," akasema. "Chukua."

Akalala kwa mama yake, na kulipopambazuka, kabla jua halijawapasha wale wadudu moto, akajipaka majivu mikononi hadi mabegani, akachukua upondo wenye ndoana, akaanza kukata vijitawi vyenye viota na kuviangushia kwenye viroba. Kiroba cha mama yake alikifunga kwa kamba nyekundu, cha Bi Hajira kwa kamba nyeupe. Waliuma kama walivyouma zamani, hawakuwa wamesahau kazi. Alipokuwa anamaliza mti wa mama yake, Bi Mwanaamina akasema kwa sauti ndogo, "Ongeza na kile. Na kile." Ashrafu akatupa jicho ng'ambo, akaona Bi Hajira yuko ndani, akaongeza. Sawa sawa ni neno zuri, lakini aliyekubeba tumboni ndiye aliyekubeba.

Njiani, kamba nyekundu ikalegea. Ashrafu aliligundua hilo akiwa karibu na Mpuyani, kwa namna ambayo mtu hahitaji kuelezwa. Akaegesha pikipiki pembeni ya barabara, akavua shati mbele ya kituo cha bodaboda, akalikung'uta, akarukaruka. Vijana wakampigia makofi. "Mzee, hiyo ngoma ya wapi?" akauliza mmoja. Akafunga kiroba upya, akavaa shati, akaondoka hana raha.

Nyumbani akavitundika viota mkoroshoni, vya mama yake upande wa jikoni, vya Bi Hajira upande wa uzio. Jioni ile majimoto walishatoka wanakagua matawi. Asubuhi akaona mbu wa mikorosho mmoja amekokotwa na majimoto watatu, akamwita Zuhura aje aone. Zuhura akaja, akaona, akasema haya, tusubiri. Ashrafu alifurahi mpaka akasahau kunywa chai.

Furaha haikukaa. Wale wa upande wa jiko na wale wa upande wa uzio walikutana katikati ya mti, kwenye panda kubwa, na kuanzia hapo mbu wakapumzika kwa sababu wale waliokuja kuwawinda walikuwa na kazi nyingine. Walishikana. Mmoja anavutwa mguu huku, mguu kule, na wengine wanakuja kuvuta. Hawakutoa sauti, na hilo ndilo lililomkera Ashrafu zaidi. Angeweza kuvumilia vurugu, lakini si ukimya ule. Chini ya mti wakawa wanadondoka, wazima wameshikana na maiti, na kuku wa Bi Justa wakapenya uzio wakaja kuokota. Ashrafu akajaribu kuwaachanisha kwa kijiti. Mtu mzima na akili zake, anaamulia chungu.

"Hawa ni wa kabila moja kweli?" Zuhura akauliza.

"Ni majimoto wote. Uwanja mmoja. Wote wa nyumbani."

"Basi ndiyo maana," alisema Zuhura, akarudi kwenye mkaa wake.

Vita ilipokwisha hakukuwa na mshindi wa maana. Walibaki wachache wanatangatanga, nao wakapotea. Viota vikakauka vikawa majani matupu yaliyoshonwa. Juu kabisa, machipukizi mapya yalikuwa yameanza kutoka, mekundu na laini, na mbu wamekwisha kuyafikia. Zuhura alimpigia simu fundi ujenzi aitwaye Ponsiano amuulize bei ya matofali, na aliongea kwa sauti ya kawaida huku mlango uko wazi.

Ashrafu akarudi Kisarawe akiwa amekata tamaa. Safari hii hakwenda barazani kwa mtu. Alichukua kigoda akakaa katikati ya uwanja, ili wote wawili wamsikie kila mmoja akiwa kwake.

"Walipigana," alisema baada ya salamu. "Wamemalizana wote."

Bi Mwanaamina alikuwa anachambua mchele. "Wa mti huu na wa mti ule hawakai mti mmoja," akasema bila kuinua kichwa. "Watoto wadogo wanajua."

"Wewe ulijua, mama?"

"Nilijua."

"Na wewe, mama mdogo?"

"Mie nimezaliwa mikoroshoni," alisema Bi Hajira kutoka ng'ambo.

"Sasa mbona hamkuniambia?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Hukuja kuuliza. Ulikuja kugawa," alisema Bi Hajira. "Ningekuambia chukua kwake tu, ungesema nimekunyima. Ningekuambia chukua kwangu tu, yeye angesema namnyang'anya mwanawe. Nikaona ninyamaze."

Bi Mwanaamina akapeperusha mchele. "Mwambie mama yako mdogo na mimi nilikuwa hivyohivyo," akasema.

Kutoka baraza hadi baraza palikuwa na mwendo wa kurusha ndala. Ashrafu akageuka. "Mama anasema na yeye alikuwa hivyohivyo."

"Nimemsikia," alisema Bi Hajira.

Basi Ashrafu akasema lile lililomleta. Ilibidi achukue kwa mmoja tu. Amwache mwingine. Alisema hajui achague vipi, na kwamba wasia ule umemshinda, na kama wangemruhusu angeukata mti mwenyewe kabla ya Ponsiano ili angalau aukate kwa mkono wa mwenye mti. Alikuwa anaongea na ardhi. Mtu wa umri wake akifika hapo, hana mzaha.

"Inua kichwa," Bi Mwanaamina akamwambia. "Hebu angalia juu."

Akaangalia. Ule upenyo wa mbingu katikati ya mikorosho haukuwapo. Tawi la huku na tawi la kule yalikuwa yameshikana, yameingiliana majani, na juu yake majimoto walikuwa wanakwenda na kurudi bila kusukumana.

"Baba yako alikuwa anakata lile tawi kila mwaka baada ya masika," alisema mama yake. "Watu wakidhani anataka jua lianike korosho. Alikuwa anawatenga wale wadudu. Alipokufa halikukatwa. Wewe ulipokuja ulichukua viota vingi kwangu, wakabaki wachache. Wa kule wakavuka. Hao unaowaona kwangu ni wa Hajira. Wangu wamekwisha."

Ilikuwa mara ya kwanza Ashrafu kumsikia akilitaja lile jina tangu matanga. Lakini kilichomchoma si jina. Alikumbuka "ongeza na kile", akakumbuka jinsi alivyotupa jicho ng'ambo kama mwizi. Upendeleo wake mwenyewe ndio uliowamaliza wa mama yake.

"Nisamehe, mama."

"Ya nini? Si wadudu," alisema Bi Mwanaamina, akaendelea kuuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Bi Hajira akasimama. Akachukua ule upondo wenye ndoana ulioegemezwa ukutani kwake, akashuka barazani, akavuka uwanja. Alikuja hadi chini ya mkorosho wa mkewenza wake, mahali ambapo mguu wake haukuwa umekanyaga tangu mzee azikwe, akamkabidhi Ashrafu upondo. "Chukua kote, sawa sawa," akasema. "Sasa hivi ni kitu kimoja."

Wakafanya kazi ile siku ileile, jua lilipopoa. Ashrafu anakata, wale wazee wanaelekeza, mmoja huku na mmoja kule. Juu ya tawi lile lililovuka uwanja palikuwa na kiota kikubwa kuliko vyote, majani mengi yameshonwa kwa utando mweupe. Ashrafu akakiendea kwa ndoana.

"Hicho acha," alisema Bi Hajira.

"Ndicho kikubwa."

"Acha hicho, mwanangu," alisema Bi Mwanaamina. "Usikiguse."

Akashangaa kidogo, akafikiri labda kina majimoto wakali zaidi na wanamwonea huruma, akakiacha. Vingine vilitosha kujaza viroba viwili, na safari hii kamba zilikazwa.

Mkuza mara hii hakukuwa na vita. Majimoto wa huku na wa kule walikutana kwenye panda ileile, wakagusana vipapasio, wakapitana. Katika siku chache mti ulikuwa na wenyewe. Zuhura aling'atwa akianika nguo, akasema maneno ambayo Bi Justa aliyasikia ng'ambo ya uzio na kuyatubia kwa niaba yake, lakini kamba akaihamishia mbele ya nyumba na mti hakuugusa. Yaliyokuwa yameshaungua yaliungua. Machipukizi yaliyofuata yalitoka mazima, yakaweka maua madogo ya rangi ya waridi, na uani kukanukia vizuri kwa mara ya kwanza tangu kachumbari. Halafu mabibo yakaanza kuning'inia, mekundu na ya manjano, kila bibo na korosho yake chini. Haikuwa neema ya kutangaza. Upande mmoja tu wa mti ndio uliozaa. Ashrafu alikwenda kuyatazama kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akiwa amekunja mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama baba yake.

"Umezaa," alisema Zuhura. Akampigia Ponsiano amwambie tangi litakaa mbele.

Korosho zilipokauka Ashrafu aliazima mizani ya Abeid mwenye duka, akazigawa katika vikapu viwili. Akahamisha punje huku, akarudisha kule, mpaka mshale ukagoma kusogea. Abeid akamuuliza kama anapima dhahabu. Ashrafu alikuwa na raha ya mtu anayelipa deni la marehemu, na hakutaka kuichanganya na utani.

Alipofika Kisarawe hakuna aliyemuuliza nani kafa. Akamwekea mama yake kikapu miguuni, akavuka, akamwekea Bi Hajira chake. Akasimama katikati ya uwanja, akasema, "Mzee aliagiza korosho za kwanza ziwe zenu, sawa kwa sawa. Nimepima."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. Bi Hajira akakiangalia kikapu chake, akakinyanyua, akavuka nacho hadi kwa Bi Mwanaamina, na kabla Ashrafu hajasema neno akakimimina juu ya kile kingine, zikamwagika na sakafuni.

"Mama mdogo! Nimepima!"

"Unapima nini?" alisema Bi Hajira. "Baba yako alikuwa anapima kwa sababu alikuwa anatuogopa. Wewe unamwogopa nani? Lete kuni."

Wakazikaanga kwenye bati lililotobolewa, nje, upande ambao upepo unaondoka na moshi. Mafuta ya maganda yalilipuka moto, Bi Mwanaamina akarudi nyuma, Bi Hajira akatia mchanga, na mmoja akamwambia mwingine "geuza", na mwingine akageuza. Hakuna aliyepitishia neno lake kwa Ashrafu. Alikaa kwenye kigoda akapasua korosho za moto, akala. Zilikuwa tamu kama za zamani.

"Lakini majimoto wanapungua," akasema baadaye. "Viota vinakauka kimoja kimoja na hawashoni vingine. Hawapigani, hawakuguswa na dawa. Sijui nimekosea wapi."

Wale wazee wakatazamana. Walitazamana kabisa, uso kwa uso.

"Mwambie," alisema Bi Hajira.

"Mwambie wewe. Wadudu wako."

Bi Hajira akafuta mikono kwenye kanga. "Chungu wana mama yao," akasema. "Mmoja tu, mnene, rangi yake kijani. Huyo ndiye anayezaa. Ukiwachukua wengine bila yeye, watafanya kazi, lakini hawaongezeki. Wanazeeka, wanakwisha."

"Na huyo mama yao yuko wapi?"

Bi Mwanaamina akaelekeza kidevu juu, kwenye lile tawi lililovuka uwanja, kwenye kile kiota kikubwa.

Ashrafu akakitazama. Akawatazama wao. Walimkataza kwa vinywa viwili, siku ambayo walikuwa bado hawajasemezana, na hakuna aliyemwambia mwenzake akataze. "Kwa hiyo mwakani mti utarudi kulekule," akasema. "Itabidi nije tena."

"Itabidi," alisema Bi Hajira.

"Na mwaka wa pili yake."

"Kila mwaka," alisema Bi Mwanaamina. "Tukiwapo."

Alitaka kukasirika, na kwa kweli alikuwa na haki. Badala yake aliona aibu, kwa sababu alijihesabia akaona amefika pale mwaka ule mara nyingi kuliko miaka miwili iliyopita ikiwekwa pamoja, na kila mara alikuja kwa ajili ya chungu. Akainama akaokota korosho iliyodondoka, akaipangusa, akampa mama yake.

Bi Mwanaamina akaitia mdomoni, akatafuna polepole upande wenye meno.

"Na ukija," akasema, "usije na viroba viwili. Kimoja kinatosha."